Damu ya Kulinganishia

Saa mbili kasorobo asubuhi Inspekta Kobe alikuwa ameshaketi kwenye maabara ya hospitali, akilitazama sinki. Mabomba yalikuwa na kutu, miguu ya meza ilikuwa na kutu, hata bawaba za mlango. Sinki peke yake lilikuwa jeupe pe, utadhani limefungwa jana.

Kobe halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alilipata jeshini, kule polisi, kwa sababu ya mwendo wake, naye hakulikataa. Alipostaafu, bodi ya hospitali ikawa inamwita kila ilipokuwa na jambo ambalo haikutaka lipigiwe kelele wala lifukiwe. Akiitwa anakuja na daftari moja na kalamu mbili. Ya pili ni ya kuwaazima mashahidi, maana alishaona kwamba mtu akishika kalamu hupunguza uongo.

"Unatafuta nini humo, kaka?" Mama Barafu aliuliza nyuma yake. "Damu haitoroki kwa bomba la maji."

"Natafuta kutu, dada. Sijaiona."

"Basi andika kwenye daftari lako. Kosa la kwanza: usafi."

Huyu Mama Barafu ndiye aliyekuwa anachunguzwa. Alikuwa mtunza damu wa maabara, mwaka wa ishirini na sita kazini, miezi minne kabla ya kustaafu. Funguo za majokofu yote ya barafu zilining'inia kiunoni mwake, ndiyo asili ya jina. Saa kumi jioni ya siku hiyo kamati ya nidhamu ingekaa kutia saini barua ya kumfukuza. Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilikosa saini tu, na saini ilingoja ripoti ya Kobe.

Kisa kilikuwa hivi. Mwaka mmoja na nusu nyuma, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja kupimwa damu, kwa sababu dada yake mkubwa alikuwa amekufa kwa saratani ya matiti. Akapewa karatasi: asilimia moja, safi. Wiki sita zilizopita akakutwa na uvimbe kwenye titi, mkubwa kama harage. Hospitali nyingine ikaipima damu yake kwa kipimo kilekile, ikapata asilimia tisa. Moja kwa tisa, mwanamke yuleyule. Mkuu wa maabara alikuwa na maelezo mepesi: Mama Barafu alichanganya mirija, mwalimu akapewa jibu la mtu mwingine.

Asilimia ya nini? Hata Kobe aliuliza hivyo siku ya kwanza, na aliyemweleza alikuwa fundi wa mashine, dada mmoja mwenye vioo vizito ambaye wote walimwita Miwani.

"Kila seli ina kitabu chake," Miwani alimwambia. "Kuna ukurasa mmoja unaoifundisha seli kujirekebisha, isije ikageuka saratani. Kuna watu wamerithi ukurasa huo umechanika. Hao si wa kwetu. Sisi tunatafuta wale ambao ukurasa uko mzima, herufi zote zipo, ila umebanwa kwa pini. Pini zenyewe ni vijichembe vya methili. Ukurasa usipofunguka, seli haiusomi."

"Na ni pini ngapi za kumfanya mtu aogope?"

"Zikizidi tano katika mia kwenye damu, tunamwita aangaliwe kila baada ya miezi mitatu. Si kwamba ana saratani, mzee. Ni kwamba iko karibu naye kuliko ilivyo karibu na jirani yake."

Kobe alikuwa ameliandika hilo lote, akalipigia mstari neno *aangaliwe*.

Sasa akafungua bahasha iliyoletwa asubuhi ile kutoka kwenye maabara ya polisi, alikopeleka mrija wa mwalimu uliobaki kwenye barafu, pamoja na mate yake mapya. Alisoma mara mbili, kama kawaida yake, kisha akamgeukia Mkuu wa maabara aliyekuwa anaingia na kikombe mkononi.

"Daktari, mrija ni wa mwalimu. Hakuna kilichochanganywa."

Mkuu alikuwa mwanamume nadhifu, shati limenyooka, sauti ya chini. Hakushtuka. Alikuwa na lingine tayari.

"Basi ni dawa, Inspekta. Kabla ya kupima tunaichovya DNA kwenye dawa. Inabadilisha herufi zisizo na pini, zenye pini zinabaki kama zilivyo. Ndivyo mashine inavyojua kuzihesabu. Dawa ikichacha, majibu yanaharibika. Na huyu mama hatupi kitu. Muulize kuhusu ile chupa chini ya sinki."

Kobe aliinama polepole, magoti yakalia, akaitoa. Chupa ya kahawia, karatasi imebandikwa: MASALIA.

"Dada?"

"Ni mabaki ya dawa, ndiyo," alisema Mama Barafu, bila kuona haya. "Ikishafunguliwa siku moja tu, haifai tena kupimia."

"Inafaa nini?"

Alimnyang'anya chupa, akadondosha matone matatu kwenye shingo ya bomba lenye kutu, akasubiri, akapangusa kwa kitambaa. Chuma kikatoka kinang'aa.

"Hii hapa inafaa. Nimesema kosa la kwanza usafi, mkadhani natania."

Miwani alicheka, akajizuia alipomwona Mkuu. Kisha akasema jambo la maana zaidi ya kicheko: kwenye kila karatasi ya mashine kuna safu inayoonyesha kama dawa ilifanya kazi, kwa kupima zile herufi ambazo hazibanwi pini kamwe. Akaitoa karatasi ya mwalimu. Tisini na tisa nukta sita.

"Dawa ilikuwa nzima," alisema.

Kobe akafuta mistari miwili kwenye daftari lake, wa mirija na wa dawa. Ulikuwa umebaki mmoja, nao ulikuwa mtupu.

"Tuipime upya damu ya mwalimu leo," alisema. "Miwani atapima, mimi nitatazama. Wewe dada utakaa pale, mikono juu ya mapaja."

"Miaka ishirini na sita, leo naambiwa nikae kama mwari," alinung'unika Mama Barafu, lakini alikaa. Alipokunja mikono ya koti, Kobe aliona plasta ndogo kwenye kiwiko, upande wa ndani. Akaiona tu, akaendelea.

"Tunapima mirija mingapi?"

"Wa mwalimu," alisema Miwani, "na Nyumbani."

"Nyumbani ni nini?"

"Ni damu ya kulinganishia," alijibu Mkuu. "Kila tunapopima wagonjwa, tunapima na damu ya mtu mwenye afya pembeni, tuone mashine inasoma nini pasipo na ugonjwa. Zamani tulikuwa tunanunua vichupa vya kiwandani, DNA iliyotengenezwa bila pini hata moja. Vikaacha kuletwa. Tangu hapo tunatumia ya humu humu ndani."

Hapo Kobe alikosea, na baadaye alilikiri kosa hilo kwenye ripoti. Aliuliza Nyumbani ni nini, hakuuliza Nyumbani ni nani.

"Kichupa cha kiwandani hakikubaki hata kimoja?"

"Hakuna," alisema Mkuu.

"Kipo," alisema Mama Barafu kutoka kwenye kiti chake. "Jokofu la tatu, rafu ya chini, kwenye kopo la biskuti. Hakijafunguliwa. Mlisema nitupe makopo yote mwaka juzi." Alimtazama Mkuu. "Akiba haiozi, Daktari."

Wakapima mitatu: mwalimu, Nyumbani, na kichupa.

*

Mashine ingechukua saa sita. Kobe alizitumia kwenda wodi ya pili, ambako mwalimu alikuwa anapokea dawa kwa dripu. Alimkuta ameegemea mto, mkono wa kushoto umefungwa mpira, wa kulia unasahihisha madaftari ya hesabu.

"Shikamoo, mzee. Karibu, usikanyage wanafunzi wangu."

"Marahaba." Kobe aliruka lundo la madaftari. "Nimekuja kwa ile karatasi yako ya kwanza."

"Ile safi." Aliweka alama ya vema, akafunga daftari. "Nikwambie kitu, mzee? Mimi sitaki mtu afukuzwe. Mkimfukuza mtu, hiki kitu kitatoka mwilini? Ninachotaka ni kujua. Dada yangu alipokufa nilikuwa najipapasa kila Jumapili asubuhi, kabla sijaoga, kila Jumapili. Nilipopewa karatasi inayosema safi, nikaacha. Niliacha kwa furaha kabisa. Mwaka mzima sikujigusa."

Alikuwa na hasira, na hakuificha. Kobe alifungua ukurasa mpya.

"Siku uliyotolewa damu, kuna lolote unalikumbuka? Hata dogo."

"Yule mama mwenye funguo ndiye aliyenitoa. Mtu mwema. Mimi naogopa sindano, nilikuwa natetemeka. Akaniambia, 'Tulia mwanangu, mbona mimi nachomwa kila mwezi na bado nipo.' Nikacheka, sindano ikaingia."

Kalamu ya Kobe ilisimama.

"Alisema kila mwezi?"

"Kila mwezi. Nilidhani ana kisukari, maskini."

Kobe aliaga. Ngazini alipishana na wauguzi wawili waliokuwa wanapanda haraka, wakampisha kama wanavyompisha mgonjwa. Alikuwa amekumbuka plasta.

*

Saa tisa na robo mashine ilitoa karatasi. Wote wanne walikuwepo. Mkuu aliisoma kwanza, akapumua kwa raha.

"Mwalimu, moja. Nyumbani, sifuri. Kichupa, sifuri. Umeona, Inspekta? Mashine yetu inasema vilevile kama mwanzo. Waliokosea ni wale wa hospitali nyingine. Kamati inaweza kuahirishwa."

Mama Barafu alifumba macho, midomo ikicheza. Alikuwa anashukuru.

Kobe hakupokea karatasi. Alikuwa anamtazama Miwani, ambaye hakuwa anafurahi.

"Binti, kichupa cha kiwandani na Nyumbani ni sawasawa kabisa?"

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Na mbali na karatasi?"

Miwani alivua vioo, akavifuta, akavivaa. "Mashine haichapi ilichosoma, mzee. Kwanza inatoa Nyumbani."

"Inatoa nini?"

"Inachukua namba ya Nyumbani, inaitoa kwenye namba ya kila mgonjwa. Ndivyo ilivyopangwa. Kinachobaki ndicho kinachochapwa."

"Na Nyumbani mwenyewe?"

"Anajitoa mwenyewe. Lazima awe sifuri."

"Na akitolewa kwa mtu mwenye kidogo kuliko yeye?"

"Mashine haiandiki chini ya sifuri. Inaandika sifuri."

Kobe alivuta kigoda, akakaa. "Nionyeshe ilichosoma. Si ilichofikiri."

Miwani alibonyeza mara nne tano. Namba zikatokea kwenye kioo, mistari mitatu.

Mwalimu: tisa.

Kichupa: sifuri.

Nyumbani: nane.

Jokofu la tatu liliwaka, likanguruma, likazima.

"Ni vumbi la mashine," Mkuu alisema hatimaye, sauti imepungua. "Mimi ndiye niliyeipanga. Vichupa vilipokwisha tukaanza na Nyumbani, ikasoma nane. Nikajua ni vumbi la mashine, maana damu ile ni ya mtu mzima wa afya. Ukishajua mzani wako una gramu nane za bure, si unazitoa?"

"Ningezitoa, Daktari. Lakini mzani wenye gramu nane za bure unampunja kila mteja. Leo kichupa kimesoma sifuri kwenye mashine hiyohiyo. Hizo nane zilikwenda wapi?" Akamgeukia Miwani. "Mashine inazo namba za zamani? Kabla ya kutoa?"

"Nadhani zipo zote. Hakuna aliyewahi kuziulizia."

Zilikuwepo. Wanawake mia mbili na kumi na wawili, miaka miwili. Miwani alizishusha taratibu kwa kidole, Kobe akisoma kwa sauti kama mtu anayeita mahudhurio. Sifuri. Moja. Sifuri. Sifuri. Moja. Mbili. Sifuri.

"Vumbi gani hili linamchagua mtu mmoja, Daktari?"

Mkuu aliweka kikombe chini. Wakaendelea. Sifuri, sifuri, moja, kisha saba. Kobe akasimamisha kidole. Kwenye karatasi aliyopewa mwanamke huyo kulikuwa na sifuri, na neno safi. Mbele zaidi kumi na moja, iliyogeuka tatu. Kisha sita. Kisha kumi na mbili, iliyogeuka nne. Mpaka mwisho wa orodha walikuwa watano, ukimwacha mwalimu.

"Watano wako majumbani," alisema Kobe, "wameacha kujipapasa."

Mkuu alikuwa ameshika simu ya mezani kabla Kobe hajamaliza. Tumpe haki yake: hakujitetea tena. Alisoma nambari ya kwanza kwenye faili, akapiga, akasema jina lake na cheo chake, akasema, "Mama, karatasi niliyokupa mimi ilikuwa na kosa, naomba uje kesho asubuhi." Akapiga ya pili.

Mama Barafu alikuwa ameinuka kitini.

"Kwa hiyo sikuchanganya mirija," alisema.

"Hukuchanganya, dada."

"Na dawa haikuchacha."

"Haikuchacha."

"Nilijua! Haki ya Mungu, nilijua!" Alipiga makofi mara moja, machozi yakamtoka huku akicheka. "Siku tatu sijala chakula kikashuka. Nilishawaambia wanangu wajiandae kwa aibu. Kaka, wewe ni kobe kweli, lakini umefika!" Akamshika Miwani mabega, akamtikisa. "Andika upesi, kamati saa kumi! Andika mikono ya mama huyu ni misafi!"

"Nitaandika," alisema Kobe. Hakuwa amefungua daftari. "Kaa kwanza."

"Nikae nini tena, nimekaa kutwa."

"Dada. Nyumbani ni nani?"

Alijibu palepale, kwa fahari, bado anacheka. "Ni mimi! Nani mwingine? Wengine hapa hata mafua yanawalaza. Daktari aliuliza ni nani hajawahi kuugua, wote wakanionyesha kidole mimi. Miaka miwili nawapa damu, kila..."



Alikitazama kioo cha mashine. Mistari mitatu ilikuwa bado ipo. Aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha akarudi akausoma ule wa tatu peke yake. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye plasta ya kiwikoni, ukakaa hapo.

"Nane," alisema.

"Nane."

"Na mstari ni tano."

"Si kwamba unaumwa," Miwani alianza. "Unajua mwenyewe, mama, ni kwamba tu..."

"Najua, mwanangu. Nimewaambia wangapi maneno hayo." Alikaa. Funguo zikalia kiunoni. "Mara ya mwisho kujipapasa ni lini, ungeniuliza, kaka. Uliza basi, ndiyo kazi yako."

"Lini, dada?"

"Sijawahi. Nawafundisha wenzangu, nina mchoro ukutani pale. Mimi mwenyewe sijawahi." Alitikisa kichwa. "Kinyozi hajinyoi. Mama yangu alikuwa akiusema msemo huo, nikadhani ni wa vinyozi."

Kobe alikuwa amekuja na swali moja, kama mwanamke huyu alikosa au hakukosa, na ushahidi uliomsafisha ulikuwa umetoka kwenye mishipa yake. Alitamani ungetoka kwingine, akalisema hivyohivyo: "Natamani ungetoka kwingine."

"Andika ripoti yako," alisema Mama Barafu. "Kamati haisubiri."

Aliandika amesimama, juu ya meza ya maabara, mistari kumi na miwili. Kwamba mirija haikuchanganywa. Kwamba dawa ilikuwa nzima. Kwamba mashine ilipangwa kumtoa mtu mmoja kwa watu wote, na mtu huyo hakuwahi kupimwa yeye mwenyewe. Kwamba wanawake wa kuitwa ni watano. Kisha akakata neno *watano*, akaandika *sita*. Mkuu akatia saini chini yake bila kusoma, Kobe akamrudishia, akamwambia asome. Akasoma. Akatia saini mara ya pili.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Mama Barafu alikuwa ameshafungua jokofu la kwanza, akatoa boksi lenye mirija yote iliyoandikwa Nyumbani, akaliweka mezani mbele ya Miwani.

"Hii isitumike tena kulinganishia. Usiitupe lakini."

Kisha akavua koti jeupe, akalitundika, akapita mlango wa pembeni hadi kwenye kile chumba chenye kiti cha wagonjwa, kiti ambacho alikuwa amewaketisha watu miaka ishirini na sita. Akaketi. Akanyoosha mkono ule usio na plasta.

Miwani alimfuata na trei. Alichukua mrija mpya, akashika kalamu, akasita. Kila mtu pale alijua sheria: hutoi damu kabla ya kuuliza, hata awe mama yako mzazi.

"Jina?" aliuliza, taratibu.

Mama Barafu akalitaja jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, kwa sauti ya kusikika. Kobe, aliyesimama mlangoni na ripoti mkononi, ndiyo kwanza analisikia.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Akaitaja.

"Ulishawahi kupimwa?"

"Hapana," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza." Halafu akamtazama Kobe. "Naogopa, kaka."

"Nipo."

"Na kamati?"

"Itasubiri. Mimi ni kobe."

Miwani alifunga mpira, akagonga mshipa kwa kidole. Mwanamke aliyechomwa kila mwezi kwa miaka miwili bila kupepesa jicho, akageuzia uso wake ukutani.